Kemia ya Kijani: Mchango wa Majaribio Madogo na Mashine katika Usanisi wa Molekuli Ndogo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna wanakemia wanavyopunguza madhara ya usanisi wa molekuli ndogo, hususan zile za dawa, kwa njia mbili zinazokwenda sambamba: kupunguza kiasi cha kemikali kinachotumiwa katika kila jaribio, na kuzikabidhi mashine kazi iliyokuwa ikifanywa kwa mkono. Yanadai kuwa udogo wa jaribio ndio unaopunguza taka, mashine ndiyo inayouwezesha udogo huo kutumika kwa upana, na kipimo cha taka yote ndicho kinachoamua iwapo manufaa yanayodaiwa ni ya kweli. Mwishoni yanaonyesha kuwa sehemu ya manufaa hayo inaweza kufikiwa hata na maabara isiyokuwa na roboti.

Utangulizi

Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii ina asili yake katika vyombo vya baharini, lakini inaafiki vilevile tembe ya dawa inayomezwa kwa funda moja la maji. Mgonjwa huiona tembe. Haoni mapipa ya viyeyushi, tindikali na maji machafu yaliyobaki nyuma yake kiwandani. Haoni pia majaribio mengi yaliyofanywa maabarani kabla ya kiwanda kujengwa, ambayo mengi yao hayakufaulu na yote yaliacha taka.

Dawa nyingi zinazomezwa ni molekuli ndogo. Kwa kawaida jina hili hutumiwa kwa kampaundi ambazo masi yake ya molekuli haizidi 900 hivi. Aspirini, kwa mfano, ina masi ya 180, ilhali insulini, ambayo ni protini, inakaribia 5,800. Kuunda molekuli kama hizo kutokana na kampaundi nyingine zilizo sahili zaidi ndiko kunakoitwa usanisi. Usanisi huwa na hatua kadhaa. Katika kila hatua kampaundi huyeyushwa, huchanganywa, hupashwa joto au kupozwa, kisha zao hutenganishwa na masazo na kusafishwa. Taka huzalishwa katika kila mojawapo ya shughuli hizo, na haba na haba hujaza kibaba.

Taka hupimwaje?

Kabla ya kudai kuwa mbinu fulani ni ya kijani, sharti pawe na kipimo. Mwaka 1991, mwanakemia Mmarekani Barry Trost alipendekeza dhana ya uchumi wa atomi. Dhana hii huuliza swali moja: katika atomi zote zilizoingia kwenye mmenyuko, ni ngapi zilizoishia ndani ya zao linalotakiwa?

Mfano ulio wazi ni aspirini. Asidi ya salisiliki, yenye masi ya 138, humenyuka na anhidridi ya asetiki, yenye masi ya 102. Jumla yake ni 240. Matokeo ni aspirini yenye masi ya 180 pamoja na asidi ya asetiki yenye masi ya 60. Kwa hiyo uchumi wa atomi ni 180 kugawanya kwa 240, yaani asilimia 75. Robo iliyosalia si aspirini, hata mmenyuko ukikamilika bila dosari yoyote.

Hata hivyo, uchumi wa atomi hausemi lolote kuhusu kiyeyushi kilichotumiwa wala maji yaliyosafishia fuwele. Pengo hilo lilizibwa na Roger Sheldon mwaka 1992 alipochapisha kigezo E, ambacho ni kilo za taka zinazozalishwa kwa kila kilo moja ya zao. Takwimu zake zilishangaza wengi. Viwanda vya kusafisha mafuta ya petroli vilikuwa na kigezo kisichofika 0.1. Vile vya kemikali za kawaida zinazotengenezwa kwa wingi vilikuwa kati ya chini ya 1 na 5. Viwanda vya dawa, vinavyosifiwa kwa usafi na umakini, vilikuwa kati ya 25 na zaidi ya 100. Yaani kilo moja ya dawa ingeweza kuacha nyuma yake kilo 100 za taka. Sababu kuu ni wingi wa hatua pamoja na wingi wa viyeyushi, ambavyo aghalabu ndivyo sehemu kubwa zaidi ya vitu vinavyoingia katika kiwanda cha dawa.

Mwaka 1998 Paul Anastas na John Warner walikusanya mawazo ya aina hii katika kanuni 12 za kemia ya kijani. Kanuni ya kwanza inasema kuwa ni bora kuzuia taka isizalishwe kuliko kuisafisha baada ya kuzalishwa.

Historia ya ibuprofeni inathibitisha kanuni hiyo. Njia ya awali, iliyobuniwa na kampuni ya Boots ya Uingereza, ilikuwa na hatua 6, na uchumi wake wa atomi ulikuwa asilimia 40 hivi. Njia mpya ya kampuni ya BHC, iliyoanza kutumiwa mwaka 1992 katika kiwanda cha Bishop, Texas, ilikuwa na hatua 3 zinazotegemea vichocheo, na uchumi wake wa atomi ulifikia asilimia 77. Mwaka 1997 njia hiyo ilitunukiwa tuzo ya Rais wa Marekani ya kemia ya kijani. Dawa ni ile ile. Kilichobadilika ni njia ya kuifikia.

Papo hapo panazuka tatizo. Njia bora haionekani kwa macho. Mwanakemia hana budi kujaribu vichocheo mbalimbali, viyeyushi mbalimbali na viwango tofauti vya joto. Iwapo kila jaribio linatumia kemikali nyingi, utafutaji wenyewe wa njia ya kijani unageuka kuwa chanzo cha taka. Hapo ndipo udogo wa jaribio unapoingia.

Udogo wa jaribio

Wazo la kupunguza vipimo vya majaribio halikuanza na roboti. Mapema katika miaka ya 1980, Dana Mayo na wenzake katika Chuo cha Bowdoin, jimbo la Maine nchini Marekani, walikabiliwa na hewa chafu katika maabara ya wanafunzi wa kemia ya kaboni. Badala ya kutegemea tu mitambo ya kuondoa hewa chafu, walipunguza kiasi cha kemikali ambacho kila mwanafunzi alikitumia. Hewa iliboreka, gharama ya kemikali ikashuka na hatari ya moto ikapungua. Tatizo lilitatuliwa kwenye chanzo chake.

Katika utafiti wa dawa, udogo umefikishwa mbali zaidi. Mwaka 2015, watafiti wa kampuni ya Merck walichapisha katika jarida la Science mbinu iliyowawezesha kufanya majaribio zaidi ya 1,500 kwa muda usiofika siku moja, huku baadhi ya majaribio yakitumia miligramu 0.02 tu za kampaundi. Majaribio hayo yalifanyika katika sahani ya plastiki yenye vishimo 1,536, ambayo eneo lake linatoshana na kiganja cha mkono, na kila kishimo kilipokea tone la mikrolita 1 hivi.

Maana ya tarakimu hizo hubainika zikilinganishwa. Ikichukuliwa kwamba jaribio la kawaida hutumia miligramu 20 za kampaundi, majaribio 1,536 yatahitaji karibu gramu 31. Kwa miligramu 0.02, majaribio hayo hayo yanahitaji miligramu 31 hivi, yaani sehemu moja kwa elfu. Hali ni hiyo hiyo kwa kiyeyushi: mililita 1 kwa kila jaribio ni lita moja na nusu kwa jumla, mikrolita 1 kwa kila jaribio ni mililita moja na nusu, ambayo haijazi kijiko cha chai. Kwa mtafiti aliyetumia miezi kadhaa kutengeneza gramu chache za kampaundi adimu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua iwapo atapata majibu 10 au 1,000.

Udogo una faida nyingine inayotokana na jiometri. Mchemraba wenye upande wa sentimita 10 una eneo la sentimita mraba 600 na ujazo wa sentimita za ujazo 1,000. Mchemraba wenye upande wa milimita 1 una eneo la milimita mraba 6 na ujazo wa milimita 1 ya ujazo. Ukilinganisha eneo na ujazo, uwiano wa mchemraba mdogo ni mara 100 ya ule mkubwa. Joto hutoka kupitia eneo la nje. Kwa hiyo mmenyuko mdogo hupoa upesi, na ule unaotoa joto jingi haupati nafasi ya kulipuka kwa urahisi kama unavyoweza katika chombo kikubwa.

Nafasi ya mashine

Mkono wa binadamu hauwezi kudondosha mikrolita moja mara 1,536 bila kuchoka, kutetemeka au kukosea kishimo. Udogo huu ungebaki ndoto lau si mashine.

Mashine iliingia katika usanisi mapema kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1963 Bruce Merrifield wa New York alichapisha mbinu ya kusanisi peptidi zikiwa zimefungwa kwenye punje za plastiki. Kwa kuwa peptidi ilibaki kwenye punje, masazo yaliweza kuondolewa kwa kusuuza tu. Kazi ikawa ni kumimina, kusuuza na kumimina tena, na kazi yenye kurudiwarudiwa namna hiyo ndiyo inayofaa mashine. Haukupita muda Merrifield na wenzake wakaunda mashine ya kuifanya, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1984.

Molekuli ndogo zilichelewa kufuata mkondo huo kwa kuwa kila moja ilikuwa na njia yake ya usanisi na ya usafishaji. Mwaka 2015 Martin Burke na kundi lake katika Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha kuwa mashine moja, kwa utaratibu mmoja, inaweza kusanisi aina 14 tofauti za molekuli ndogo. Walitumia vipande vya molekuli vilivyoandaliwa mapema na vyenye kiungo kimoja cha kemikali kinachorahisisha usafishaji, mithili ya fundi anayejenga kwa matofali yenye vipimo sawa.

Maendeleo mengine yalifuata. Mwaka 2018 watafiti wa Pfizer walieleza mashine inayopitisha matone ya kemikali ndani ya mrija mwembamba na kufanya majaribio zaidi ya 1,500 kwa saa 24. Mwaka 2020 kundi la Andrew Cooper katika Chuo Kikuu cha Liverpool lilieleza roboti iliyotembea maabarani, ikatumia vifaa vilivyoundwa kwa ajili ya binadamu na kufanya majaribio 688 kwa siku 8, huku ikichagua yenyewe jaribio linalofuata kutokana na matokeo ya yaliyotangulia. Jambo la mwisho lina uzito kwa mazingira: jaribio lisilokuwa na haja ambalo halikufanywa ndilo lenye taka kidogo kuliko yote.

Zipo pia mashine zinazorusha matone kwa nguvu ya mawimbi ya sauti. Sauti hulenga uso wa kimiminika na kurusha tone la nanolita 2.5 hadi kwenye sahani iliyo juu yake. Hakuna kinachogusa kimiminika, na hivyo hakuna ncha za plastiki zinazotupwa. Mashine hizi huenda vyema na mimenyuko ambayo viambajengo vyote huwekwa katika chombo kimoja. Mfano maarufu ni mmenyuko uliogunduliwa na Ivar Ugi mwaka 1959, ambapo kampaundi nne huungana kwa mkupuo mmoja na atomi zinazopotea ni za molekuli moja tu ya maji.

Mrija badala ya pipa

Sahani ya vishimo husaidia kutafuta njia. Haitengenezi dawa ya kutosha wagonjwa. Katika hatua ya uzalishaji, udogo huchukua sura ya mrija. Kemikali hupitishwa mfululizo ndani ya mrija mwembamba, zikimenyuka zikiwa safarini. Kwa wakati wowote, kiasi kinachomenyuka ni kidogo, lakini mtiririko ukiendelea mchana na usiku, zao huwa jingi.

Mfano unaoigusa Afrika Mashariki moja kwa moja ni artemisinini. Kampaundi hii, iliyogunduliwa nchini China na Tu Youyou na wenzake katika miaka ya 1970, ndiyo msingi wa dawa mseto za malaria, ambazo zimekuwa tegemeo tangu Kenya ilipobadilisha sera yake ya matibabu mwaka 2004. Hutolewa katika mmea wa artemisia, ambao umelimwa pia Kenya, Uganda na Tanzania, na bei yake hupanda na kushuka kulingana na mavuno.

Mwaka 2012 Peter Seeberger na François Lévesque wa Taasisi ya Max Planck mjini Potsdam, Ujerumani, walieleza namna ya kuisanisi kutokana na asidi ya artemisiniki, kampaundi iliyomo katika mmea huo huo na ambayo chachu iliyobadilishwa jeni pia inaweza kuizalisha. Hatua iliyo ngumu huhitaji mwanga na oksijeni. Katika pipa kubwa mwanga hauvuki mbali, na kilicho katikati hubaki gizani. Seeberger na Lévesque waliuzungusha mrija mwembamba kwenye taa, wakapitisha kimiminika pamoja na oksijeni, na kazi ikakamilika kwa dakika chache. Mrija ulifaulu kwa sababu ya wembamba wake.

Mipaka na tahadhari

Pamoja na mafanikio hayo, si kila kidogo ni kijani. Tahadhari nne zinafaa kuzingatiwa.

Kwanza ni uchanganuzi. Kila kishimo sharti kichunguzwe ili ijulikane kama zao limepatikana, na kwa kawaida hili hufanywa kwa kromatografia ya kimiminika pamoja na spektromita ya masi. Ikiwa uchunguzi wa kishimo kimoja huchukua dakika 2 na chombo hupitisha mililita 1 ya kiyeyushi kwa dakika, vishimo 1,536 vitatumia lita 3 hivi. Viyeyushi vya mimenyuko yenyewe vilikuwa mililita moja na nusu. Kwa hiyo uchunguzi umekula mara 2,000 ya kilichotumiwa na mimenyuko yote. Anayehesabu mimenyuko pekee atajisifu bure. Suluhisho linalotafutwa ni kurusha tone moja kwa moja hadi kwenye spektromita bila kulipitisha kwenye kromatografia, au kuchunguza sehemu tu ya vishimo kwa ukamilifu.

Pili ni maumbile ya matone. Tone dogo hukauka upesi, kwa hiyo kiyeyushi chepesi hakifai. Watafiti wa Merck walitumia dimethili salfoksaidi, ambayo haivukizwi kwa urahisi, na wakatafuta vichocheo vinavyofanya kazi katika joto la kawaida la chumba. Kemikali zisizoyeyuka nazo huziba mirija na ncha za mashine. Hivyo basi, kuna mimenyuko mizuri ambayo mashine huikwepa, si kwa kuwa ni mibaya bali kwa kuwa haiimudu.

Tatu, kilichofaulu katika tone huweza kushindwa katika pipa. Joto lililotoka kwa urahisi katika kishimo hukwama katika chombo kikubwa. Matokeo ya udogo ni mwongozo. Hayaondoi haja ya kupima upya katika kiwango cha uzalishaji.

Nne ni tamaa. Jaribio likiwa rahisi, mtu hushawishika kufanya 10,000 pale ambapo 100 yangetosha. Sahani za plastiki hutumiwa mara moja na kutupwa, na mashine hula umeme. Mapunguzo ya kila jaribio yakimezwa na ongezeko la idadi ya majaribio, mazingira hayajapata kitu.

Funzo kwa maabara za Afrika Mashariki

Yamkini msomaji atauliza: mashine hizi, ambazo bei yake inapita bajeti ya idara nzima, zina faida gani kwa chuo ambacho wanafunzi wake husubiri zamu ya kutumia mizani moja? Jibu limo katika mgawanyo uliofanywa mwanzoni. Udogo na mashine ni vitu viwili. Mashine huupanua udogo, lakini udogo hauisubiri mashine.

Kielelezo kipo barani Afrika. Kituo cha RADMASTE cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kiliunda seti ndogo za plastiki za kufundishia kemia kwa matone, na UNESCO ikasaidia kuzieneza katika nchi nyingi. Aidha, sahani za vishimo 96 si ngeni katika hospitali na vituo vya utafiti vya Afrika Mashariki, ambako hutumiwa kuchunguzia damu. Umbo lake la nje ni sawa na la sahani ya vishimo 1,536.

Hesabu ya aspirini yatosha kuthibitisha faida hiyo. Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja akitumia gramu 2 za asidi ya salisiliki, linahitaji gramu 80. Kila mmoja akitumia gramu 0.1, darasa zima linahitaji gramu 4, na anhidridi, maji ya kusafishia na taka ya mwisho hupungua kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Mmenyuko ni ule ule na funzo ni lile lile. Pengine funzo huzidi, kwa kuwa anayefanyia kazi gramu 0.1 hujifunza kutopoteza hata chembe. Aidha, katika mji ambao hauna mahali salama pa kutupa viyeyushi, lita ambayo haikumwagwa haihitaji kutafutiwa pa kumwagwa.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kuwa kupunguza madhara ya usanisi wa molekuli ndogo kunategemea mambo matatu. Udogo huzuia taka kwenye chanzo chake, kama inavyodai kanuni ya kwanza ya kemia ya kijani. Mashine huuwezesha udogo huo kutumika katika maelfu ya majaribio na, ikiongozwa vyema, huepusha majaribio yasiyo na haja. Kipimo kinachojumuisha viyeyushi vya uchunguzi, plastiki na umeme ndicho kinachotenganisha ukijani wa kweli na ule wa jina.

Kati ya hayo matatu, mashine pekee ndiyo inayohitaji fedha nyingi. Udogo na kipimo huhitaji zaidi nidhamu. Mwalimu wa maabara anaweza kuanza muhula ujao kwa kuandika ubaoni, kando ya kiasi cha zao kilichotarajiwa, kiasi cha taka kilichotarajiwa, na kumtaka kila mwanafunzi akipime na kukiandika katika ripoti yake.